Kondoo Mwekundu Niliyemcheka

Mazungumzo ya asubuhi redioni
Masomo: Mwanzo 30:31-36; Walawi 3:6-11

Kama uko jikoni ukipika chai, au uko njiani kwenda sokoni, au umelazwa hospitalini, nakuomba unipe dakika chache.

Leo nataka kuzungumza juu ya kondoo. Najua sisi wachungaji husema juu ya kondoo karibu kila Jumapili, hata watu wamezoea. Lakini asubuhi hii sisemi kwa mfano. Nasema juu ya kondoo mwenye kwato na mkia, na juu ya dhambi niliyoifanya mimi mwenyewe, mbele ya kanisa la Mungu, kwa ajili ya kondoo mmoja.

Ilikuwa mwezi wa Februari mwaka wa 2020. Mvua za mwisho wa mwaka wa 2019 zilikuwa zimenyesha kwa wingi huku kwetu Ukambani, Kitui na Makueni, na watu walikuwa wamevuna. Tukafanya Sikukuu ya Mavuno. Kama ilivyo desturi, watu walileta ndengu, kunde, mahindi na kuku, na baada ya ibada tukaviuza kwa mnada chini ya mwembe, ili fedha ziingie katika kazi ya Bwana.

Basi akaja mama mmoja mjane, mtu mzima, akivuta kondoo dume kwa kamba. Alikuwa kondoo wa kienyeji, mwekundu kama udongo wa barabara zetu, mdogo wa mwili, mnene wa mkia. Siku zile karibu kila boma lilikuwa limekwisha kuingiza damu ya Dorper, yule kondoo mweupe mwenye kichwa cheusi ambaye wenye bucha humpenda. Mimi ndiye niliyeshika mnada. Nilimtazama yule dume, nikasema kwa kipaza sauti, "Je, huyu ni kondoo, au ni mbuzi aliyeunguzwa na jua?" Watu wakacheka. Nilipoona wamecheka nikaongeza, "Mwaka ujao tumletee Bwana kondoo wa kisasa."

Dume yule akanunuliwa na mwenye bucha kwa bei ya kutupa. Mama hakusema neno. Alijifunga leso yake vizuri, akaenda zake. Wiki chache baadaye nikasikia kwamba ameuza majike wawili ili anunue dume wa Dorper. Nami, ndugu yangu, nilifurahi. Nilidhani nimemfundisha maendeleo.

Sasa tufungue Biblia. Katika Walawi, sura ya 3, Bwana anaagiza jinsi ya kutoa kondoo kwa sadaka ya amani. Ukifika mstari wa 9 utaona kwamba sehemu inayotajwa kwanza kuwekwa juu ya madhabahu ni mkia wa mafuta, nao utolewe mzima, ukatwe karibu na uti wa mgongo. Nilisoma sura hiyo nilipokuwa chuo cha theolojia, nikaijibu katika mtihani, nikapata alama. Lakini sikufikiri hata siku moja kwamba kondoo anayesemwa pale ni ndugu wa kondoo wa baba yangu. Fikira zangu zilikuwa juu ya kondoo wa picha za Shule ya Jumapili, mweupe, mwenye sufi nyingi kama wingu, aliyechorwa Ulaya. Kumbe kondoo wa nchi ya Biblia ni mwenye mkia wa mafuta, na hata leo wafugaji wa Palestina na Siria wanaye, waitwa Awassi. Mafuta yale ya mkia ni akiba yake. Majani yakiisha, mwili hula akiba. Hicho ndicho kiungo alichokitaka Bwana juu ya madhabahu yake, na hicho ndicho nilichokichekea.

Pengine msikilizaji utauliza, kondoo huyu mwekundu ni yupi hasa? Wataalamu humwita Kondoo Mwekundu wa Kimaasai, kwa kuwa Wamaasai wa Kenya na Tanzania ya kaskazini ndio waliojulikana zaidi kwa kumfuga. Lakini jirani hubadilishana mifugo. Makueni yetu inapakana na Kajiado, na masoko ya Emali na Sultan Hamud yamekutanisha Wakamba na Wamaasai tangu zamani. Damu ya kondoo huyo ikavuka reli, ikavuka na mto Athi, ikafika Kitui. Sisi humwita ilondu tu, kama tunavyomwita kondoo ye yote.

Mpaka katikati ya miaka ya 1970 kondoo wekundu halisi walikuwa mamilioni katika nchi za wafugaji. Ndipo ukaanzishwa mpango wa kueneza madume wa Dorper kwa bei nafuu. Nia ilikuwa njema. Dorper hukua upesi na ana nyama nyingi. Lakini wafugaji hawakufundishwa jinsi ya kuendelea baada ya uzao wa kwanza. Uzao wa kwanza ulipendeza sana, kwa maana ulichukua ukubwa wa baba na ugumu wa mama. Watu wakaona vyema, wakaleta Dorper tena juu ya mabinti, na tena juu ya wajukuu, mpaka ugumu wa mama ukatoweka. Leo kumpata kondoo mwekundu asiyechanganyika ni kazi kubwa, hata Umaasaini kwenyewe.

Ugumu huo ni ugumu gani? Yuko mnyoo mwembamba kama uzi anayekaa katika tumbo la nne la kondoo, akinyonya damu. Mayai yake hutoka na mavi. Nchi ikiwa na unyevu hutokea vijidudu vinavyopanda juu ya majani pamoja na umande, kondoo akayala, na baada ya kama majuma matatu wamekuwa minyoo wakubwa tayari kunyonya tena. Utamjua kondoo aliyeshikwa kwa kufunua ukope wake. Badala ya wekundu utaona weupe kama karatasi. Wengine huvimba chini ya taya, kisha hulala, kisha hufa.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa mifugo waliwafuga kondoo wekundu na Dorper pamoja huko Diani, pwani, mahali penye unyevu mwingi, wakawapima kwa miaka kadhaa. Wekundu walitoa mayai ya minyoo machache zaidi katika mavi yao, wana-kondoo wao walikufa wachache zaidi, na mwishowe kundi lao dogo la mwili lilimfaa mwenyewe kuliko kundi la Dorper. Nami niseme kweli yote. Katika nchi kavu tofauti hiyo hupungua, na Dorper hujitahidi. Ndiyo maana sisi wa Ukambani tulidanganyika kwa urahisi. Miaka mingi ya kwetu ni mikavu, hata mtu husahau minyoo.

Nasi tulipata miaka mikavu. Kuanzia mwisho wa mwaka wa 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Mutomo, Ikutha, Kibwezi, Kathonzweni, kila mahali watu walikata matawi ya miti kulisha mifugo. Kisha, mwisho wa mwaka wa 2023, zikaja mvua za El Niño, na mwaka wa 2024, kuanzia Machi, zikanyesha tena mpaka mafuriko. Tulimshukuru Mungu kwa majani. Lakini pamoja na majani alikuja yule mnyoo.

Mwezi wa Januari 2024 nilikwenda kumtembelea mama yule, kwa kuwa nilisikia hajafika ibadani. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda karibu na zizi. Wana-kondoo saba wazuri, wenye vichwa vyeusi, walikuwa wamekufa katika majuma sita. Alikuwa amewanywesha dawa ya dukani, lakini dawa ile aliitumia mara kwa mara mpaka minyoo ikaizoea. Wale saba ndio waliokuwa karo ya mjukuu wake wa kidato cha kwanza.

Nikasema, "Mwaitu, pole sana."

Akanijibu, "Nimepoa, Pasta." Kisha akanyosha kidole pembeni mwa zizi. Majike wawili wazee, wekundu, walikuwa wamesimama wakicheua, macho maangavu, kana kwamba hakuna lililotokea. Akasema, "Hao ni dada zake yule dume wa Mavuno. Nilitaka kuwauza, wakakosa mnunuzi."

Hakuongeza neno. Wala haikuhitajika. Ndugu msikilizaji, nimewahi kukemewa na wakubwa wangu kwa barua na kwa mdomo, lakini sijapata kukemewa kama siku ile. Nilipiga magoti pale penye mavi ya kondoo, nikamwomba msamaha kwa maneno niliyoyasema kwenye mnada. Akasema, "Mimi nilikusamehe zamani, mwanangu. Lakini msamaha haukumrudisha dume."

Neno hilo lilinifuata mpaka nyumbani. Nikamkumbuka Zakayo katika Luka sura ya 19. Zakayo hakuishia kuona haya, alitaja na kiasi atakachorudisha. Basi niliwauza madume wangu wawili chotara, nikaanza kutafuta. Nilikwenda masoko matatu. Niliona kondoo wekundu wengi, lakini walikuwa wekundu wa rangi tu. Mwisho, ng'ambo ya reli, upande wa Kajiado, nilielekezwa kwa mzee mmoja Mmaasai aliyebakisha kundi dogo la baba yake.

Nikamwambia, "Mzee, nataka dume mwekundu."

Akasema, "Pasta, rangi hudanganya. Huyu mwekundu anaweza kuwa na bibi Dorper. Usiniulize rangi, niulize mama yake." Akanitajia mama wa dume yule, na mama wa mama yake, na mwaka wa kiangazi aliozaliwa kila mmoja, jinsi mimi na wewe tunavyosoma ukoo wa Bwana wetu katika Mathayo. Nikanunua. Jumapili iliyofuata nilimwongoza dume yule mpaka mbele ya kanisa, kwa kamba, nikaeleza mbele ya wote kosa langu, nikamkabidhi mama. Safari hii hakuna aliyecheka. Wengine walilia, na mzee mmoja akauliza kama dume anaweza kufika na kwake.

Sasa tusikie Mwanzo 30. Yakobo amemtumikia Labani miaka mingi. Anapoulizwa ujira wake, hachagui wale wazuri wa kundi. Anaomba wenye madoadoa na wenye mabaka, na kati ya kondoo wale wa rangi ya giza. Neno la Kiebrania lililotumika pale laweza kuwa nyeusi, laweza kuwa kahawia iliyokoza. Kondoo wengi wa kule walikuwa weupe, hivyo hao walikuwa wachache, nao Labani alikubali upesi, maana aliona hapotezi kitu. Sisemi kwamba Yakobo alifuga kondoo wa Kimaasai. Nasema kwamba Mungu aliyejenga nyumba ya Israeli aliijenga kwa kondoo ambao mwenye kundi hakuwahesabia thamani. Na angalieni, Yakobo hakutajirika kwa usiku mmoja. Mstari baada ya mstari twaona mchungaji mwenye subira, anayejua kila mnyama amezaliwa na nani.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni ilichukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, ikisema wamezidi na wanaharibu udongo. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea mpaka Nairobi kudai mifugo yao. Mbingu alihamishiwa Lamu kwa adhabu, lakini unyang'anyi ule ulikomeshwa. Wale walitembea na kulala nje kwa ajili ya wanyama ambao wakubwa waliwaita duni. Sisi hatukunyang'anywa na mtu. Tulimtoa kondoo wetu wenyewe, kwa kicheko, na aliyeanzisha kicheko alikuwa amevaa kola ya kikasisi.

Labda wewe uliye na Dorper umeanza kununa. Tafadhali usinune. Dorper ni kiumbe cha Mungu pia, na amelipa karo nyingi. Lakini sikia habari ya ukoo wake. Alifanyizwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 na 1940, kwa kumchanganya kondoo wa Uingereza aitwaye Dorset Horn na kondoo mwenye kichwa cheusi ambaye asili yake ni Somalia. Kichwa kile cheusi unachojivunia ni cha Afrika Mashariki! Kama wachungaji wa Kisomali wangalimcheka kondoo wao wakammaliza, Dorper asingalikuwako. Kila kipya kizuri kimezaliwa na cha zamani ambacho mtu alikitunza. Ukimaliza cha zamani, kesho utachanganya nini?

Kwa hiyo nakushauri mambo manne, nawe mwenye shamba dogo la kondoo kumi unaweza kuyafanya.

La kwanza, kama unalo jike jekundu la asili, usiliuze kwa sababu ni dogo. Ukipenda kuchanganya, wape majike wengine Dorper, uuze watoto wao wote sokoni, na wale wa asili uwape dume wa asili. Hivyo utapata nyama na mbegu utabaki nayo.

La pili, dume asipande binti zake. Jike hubeba mimba miezi mitano tu, hivyo mabinti hukua upesi kuliko unavyodhani. Patana na majirani watatu au wanne, kila baada ya mwaka mmoja na nusu mbadilishane madume. Wale wasiofaa kuzalisha wahasiwe. Hapa ushirika wa kanisa wafaa kuliko fedha, maana mtu peke yake hawezi kutunza ukoo.

La tatu, wakati wa mvua usifungulie kundi mpaka umande ukauke, na usinyweshe dawa zizi zima kwa mazoea. Funua kope za kila kondoo. Aliyepauka mpe dawa, mwekundu mwache. Mwulize bwana mifugo kiasi cha dawa, maana kiasi kidogo huwafundisha minyoo kuishi.

La nne, andika. Chukua daftari ya mtoto ya shule, andika huyu mama yake nani, baba yake nani, alizaliwa lini. Mzee wa Kajiado aliandika moyoni. Sisi tuliosoma tumesahau kuandika moyoni na kwenye karatasi pia.

Utataka kujua kundi la mama linaendeleaje. Wale majike wawili wazee walizaa mmoja mmoja, mwekundu dume na mwekundu jike. Majike wengine, kwa kuwa ni chotara, wamezaa mchanganyiko. Mmoja alitoka na kichwa cheusi na mwili mwekundu, mama akacheka mpaka akajifuta machozi. Itachukua vizazi kadhaa kundi lirudi lilivyokuwa, na yeye ni mzee. Nilimwuliza kama haoni uchungu kwamba huenda asilione. Akasema, "Pasta, hata huyo wa kwanza niliyekuletea sikumwanza mimi. Nilimkuta."

Karo ya yule mjukuu ililipwa na waumini kwa harambee, nami nilitoa wa kwanza, kwa haki.

Ndugu msikilizaji, huenda wewe huna kondoo hata mmoja. Uko Nairobi au Mombasa, katika chumba cha kupanga. Lakini yuko mtu uliyemcheka kwa sababu alileta kwa Bwana kitu kidogo, cha kienyeji, kisicho na fahari. Labda ni mama yako na maombi yake ya Kikamba. Labda ni mzee wa kanisa asiyejua Kiingereza. Mtafute leo. Mwombe msamaha, kisha uulize ni kitu gani ulichomnyang'anya, ukirudishe kwa mkono wako. Na kama wewe ndiwe uliyechekwa, usiuze majike wako. Bwana anakijua kile ulichomletea, hata mkia wake.

Tuombe.

Ee Bwana, Mchungaji wetu, wewe uliviumba vyote, vikubwa na vidogo, ukaviweka kila kimoja mahali pake. Utusamehe kwa sababu tumedharau uliyowapa baba zetu. Utupe macho ya kuona thamani kabla haijapotea, na mikono ya kurudisha tulichokiharibu. Uwabariki wafugaji wote wa Kitui na Makueni asubuhi hii, na mifugo yao, na mvua yao. Uwakumbuke wajane. Ni katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu tunaomba. Amina.